Jumanne Saa Tano Asubuhi, Papi Wako Atakuwa na Nani?



Kila nikiweka video yenye mbwa ndani, hata kama ni mbwa wa jirani anapita tu nyuma yangu, inboksi inajaa swali moja. "Manze, nataka papi. Ninunue aina gani?" Mmoja anataka Japanese Spitz juu ni mweupe na anatoka poa kwa picha. Mwingine anataka German Shepherd juu mtaa wao umejaa wezi. Wiki jana kuna mmoja ameniuliza kama Husky anaweza kaa bedsita ya Rongai. Hakuwa anatania.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwajibu tu. Nawatumia majina mawili matatu ya aina za mbwa, naweka emoji ya makucha, naendelea na maisha yangu. Leo siwezi, juu kuna kitu sijawahi kuwaambia. Wale mlianza kunifuata kitambo mnakumbuka Chapo. Nilikaa naye siku kumi na moja.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Naishi bedsita Roysambu, ghorofa ya nne, kibaraza cha kuanika suruali mbili na soksi. Nilikuwa nimeanza kutengeneza video na hazikuwa zinaenda mahali. Halafu nikaona jamaa fulani amerekodi papi akiogopa kivuli chake mwenyewe, na watu laki sita wameangalia. Wazo likaingia hapo. Wacha niseme ukweli kama ulivyo: sikuwa nataka mbwa. Nilikuwa nataka watu laki sita.

Nikapata muuzaji mtandaoni. Tukakutana kando ya barabara jioni, watu wametoka job, magari yanapiga honi. Akafungua boksi ya maziwa, akatoa kitu kidogo chenye joto, akaniwekea mkononi. "Wiki nane, bosi." Nikauliza kama amechanjwa. "Kila kitu." Kadi ya chanjo je? "Nitakutumia kwa simu." Nikamtumia ngiri sita kwa M-Pesa. Hiyo kadi naingoja mpaka leo.

Nikamwita Chapo, juu alikuwa rangi ya chapati iliyoiva vizuri, na madoa meusi mgongoni pale moto umeshika zaidi.

Video ya kwanza ilifika watu elfu arobaini. Kwangu hiyo ilikuwa kama kushinda uchaguzi. Usiku huohuo Chapo alianza kulia saa nne, akanyamaza saa kumi alfajiri. Jirani akagonga ukuta. Usiku wa pili akagonga mlango. Siku ya tatu keretaka akanishika kwa ngazi. "Wewe wa namba kumi na nne, kwani umezaa?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Soma agrimenti yako. Hakuna mnyama kwa hii ploti." Nilikuwa nimesaini hiyo karatasi na sikuwa nimeisoma hata mstari mmoja.

Nilikuwa na darasa asubuhi, na mchana nilikuwa na kakibarua ka kuhudumia watu kwa saiba. Natoka saa moja na nusu, narudi saa moja usiku. Chapo namwachia maji na mkate uliolowekwa maziwa. Nikirudi, sakafu yote ni mkojo, chaja imetafunwa, na mlango. Huo mlango sikuwaonyesha kwa video. Alikuwa anaukwaruza kutoka ndani, na kwa rangi nyeupe kulikuwa na mistari midogo ya damu ya makucha yake, urefu wa kama sentimita kumi na tano kutoka chini. Hapo ndio alikuwa anafika akisimama.

Siku ya tisa alikataa chakula. Siku ya kumi akatapika povu, halafu akaanza kuhara damu. Ile harufu mtu akishainusa haimtoki. Mimi badala ya kukimbia kwa daktari, nikakimbia Google. Nikampa glukosi kwa kijiko. Siku ya kumi na moja, ndio nikamfunga kwa taulo nikapanda mat naye mpaka kliniki ya wanyama.

Daktari alimwangalia, akapima, akasema neno moja: parvo. Halafu akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio uliniuma zaidi, "Kijana, huyu alichanjwa lini?" Nikaangalia viatu vyangu. Akafungua mdomo wa Chapo, akanionyesha meno. "Na huyu hajafika wiki nane. Huyu ana tano, labda sita. Alikuwa bado ni wa kunyonya."

Akanipa hesabu ya kumlaza, maji ya mshipa na dawa za siku kadhaa. Kwa simu nilikuwa na mia nane. Nikampigia mathe. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mbwa gani?" Hata hakuwa anajua nina mbwa. Alituma elfu mbili, na najua hiyo pesa ilikuwa ya kitu kingine.

Chapo alikufa usiku huo, saa tano hivi, kwa kreti ya kliniki. Mimi nilikuwa nyumbani nikihariri video yake ya mwisho.

Sikuiweka. Lakini nilifanya kitu kibaya zaidi. Watu walipouliza Chapo ako wapi, niliandika, "Nimempeleka shags kwa shosh, huko kuna nafasi ya kukimbia." Watu elfu mbili wakaipenda. Mmoja akaandika kwamba mimi ni mfano mzuri kwa vijana. Hiyo kauli imekaa hapo miaka mitatu, na kila mtu akiniuliza anunue papi aina gani, ananiuliza juu anaamini hiyo kauli. Kwa hivyo leo naifuta. Chapo hakuenda shags. Shosh yangu hajawahi kumwona.

Sasa, hii parvo ni nini?

Nilisoma baadaye, wakati haikuwa inasaidia mtu. Wewe soma mapema.

Parvo ni kirusi. Kinashambulia utumbo wa mbwa, na pia uboho wa mifupa, pale seli za kinga zinatengenezwa. Kwa hivyo papi anamwaga maji yote ya mwili kwa kutapika na kuhara, na wakati huohuo mwili wake hauna askari wa kupigana. Matibabu ya kawaida ni kumshikilia mpaka mwili wake ujipange: maji ya mshipa, dawa ya kutapika, antibiotiki za kuzuia bakteria wanaopenya kutoka utumboni kuingia kwa damu. Wengi wasiotibiwa wanakufa, na wanakufa haraka, siku mbili tatu tu tangu dalili zianze. Ile siku moja niliyopoteza nikiuliza Google ilikuwa siku kubwa sana.

Na hicho kirusi hakiondoki na mbwa. Kinaweza kukaa kwa sakafu, kwa udongo, kwa bakuli na chini ya viatu kwa miezi mingi. Sabuni ya kawaida haikiui. Jik iliyochanganywa na maji inaua, lakini huwezi kumwaga jik kwa ploti nzima. Ndio maana mtu anapoteza papi leo, mwezi ujao ananunua mwingine wa kumfariji, na yule wa pili anakufa vilevile. Anasema amerogwa. Hajarogwa, sakafu ndio inakumbuka.

Kinga iko, na si siri. Papi anaanza kuchanjwa akiwa na wiki sita hadi nane, halafu anarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki kumi na sita. Mbona mara nyingi hivyo? Juu maziwa ya mama yake yanampa kinga ya muda, na hiyo kinga ya mama inaweza kuizuia chanjo isishike. Hakuna mtu anajua ni siku gani hasa kinga ya mama inaisha kwa papi wako, kwa hivyo daktari anarudia mpaka awe na uhakika. Mtu akikuambia papi wa wiki nane "amechanjwa kila kitu", anakudanganya, hata kama yeye mwenyewe hajui anadanganya. Kwa wiki nane haiwezekani awe amemaliza.

Na kabla chanjo hazijaisha, huyo mtoto hafai kutembea chini kwa njia ambayo kila mbwa wa mtaa anapita. Mimi wangu nilimpeleka kurekodi kando ya barabara siku ya pili.

Swali langu la Jumanne

Watu wakifikiria papi, wanafikiria Jumamosi. Jua limetoka, uko kwa nyasi, papi anakufuata, mtu anapiga picha. Mimi nataka ufikirie Jumanne saa tano asubuhi. Uko wapi? Na yeye ako na nani?

Papi wa miezi miwili hawezi kushika mkojo zaidi ya saa mbili tatu hivi. Anakula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Usiku analia juu wiki iliyopita alikuwa analala juu ya ndugu zake na leo amelala peke yake kwa taulo. Na kati ya wiki ya tatu na kama ya kumi na nne, hapo ndio kichwa chake kinaamua ni vitu gani vya dunia vya kawaida na ni vipi vya kuogopa: watoto, bodaboda, mvua kwa mabati, mtu mwenye mwavuli. Mbwa aliyefungiwa peke yake miezi hiyo yote anakuja kuwa yule mbwa ambaye kila mgeni ni adui. Halafu tunasema ni mkali. Mara nyingi ni mwoga tu.

Na usimchukue kabla ya wiki nane. Zile wiki za mwisho na mama yake anafundishwa kitu ambacho wewe huwezi kumfundisha vizuri: akiuma ndugu yake sana, ndugu analia na mchezo unaisha. Hivyo ndio anajua meno yake yana uzito gani. Chapo aling'olewa kwa hilo darasa kabla halijaanza.

Kwa hivyo chukua kalamu, andika wiki yako kama ilivyo, si kama unavyotamani iwe. Lekcha, kazi, mat, foleni ya Thika Road, ile siku unalala kwa beshte. Kila saa ambayo hakuna mtu kwa keja, weka alama. Hizo alama ndizo maisha ya mbwa wako.

"Lakini mbwa wa shags anaishi tu"

Hii najua inakuja, kwa hivyo wacha tuimalize. "Shags kwetu mbwa anakula ugali na mabaki, hajawahi ona daktari, na ako fiti."

Kwanza, mbwa wa shags ana vitu ambavyo bedsita yako haina. Ana boma lote. Ana mahali pa kukojoa. Ana kazi, anajua ng'ombe wa nani ni wa nani. Na kuna mtu nyumbani kila Jumanne saa tano, kawaida ni shosh. Pili, uliza shosh vizuri alikuwa na wangapi. Anakumbuka yule mmoja aliyeishi miaka tisa. Wale watano waliokufa wakiwa wadogo, na hakuna aliyejua ni nini, hawahesabiwi.

Lakini kuna ukweli ndani ya hiyo hoja na sitaki kuuruka, juu kuna watu watasoma hii posti waseme, "Kumbe mbwa ni wa watu wa Karen na Runda." Hapana. Mtu anayemtunza mbwa vizuri kuliko wote ninaowajua ni soja wa geti la ploti ninapoishi sasa. Ana mbwa koko anaitwa Bosco, sikio moja limekatika. Soja hana pesa ya chakula cha gunia. Bosco anakula ugali na omena, wakati mwingine mabaki ya buchari yaliyochemshwa na wali. Lakini Bosco hajawahi kukaa peke yake. Usiku wako pamoja kwa geti, mchana wanalala pamoja kwa kibanda. Kampeni ya chanjo ya bure ya kichaa cha mbwa ilipokuja karibu na kwa chifu, soja alikuwa kwa laini saa moja asubuhi, Bosco amefungwa kwa kamba ya katani. Kadi yake ameihifadhi kwa karatasi ya nailoni, pamoja na kitambulisho chake mwenyewe.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, huyu anakugharimu pesa ngapi?" Akafikiria, akasema, "Pesa si nyingi, kijana wangu. Lakini siwezi toka nikalala kwa mtu."

Hiyo ndiyo bei. Mimi nilikuwa na ngiri sita ya kununua, na sikuwa na hiyo.

Pesa pia inatakikana, usinielewe vibaya. Chanjo za mwanzo ni mara tatu au nne, halafu za kila mwaka. Dawa ya minyoo kila baada ya wiki chache akiwa mdogo, na hiyo ni kwa ajili yako pia, juu minyoo ya mbwa inaweza kuingia kwa watu, hasa watoto wanaochezea udongo. Kupe na viroboto. Kuhasi, isipokuwa unataka papi wanane wa kuwekea boksi ya maziwa kando ya barabara. Kabla hujanunua, pigia kliniki mbili za karibu nawe uulize bei ya kila kitu, ikiwemo bei ya kulazwa siku tatu. Hiyo ya mwisho iweke kando kwa akaunti na usiiguse. Kama huwezi kuiweka kando sasa, usiku ule utakapoihitaji hutakuwa nayo pia. Utampigia mathe.

Na chakula: mkate na maziwa ya ng'ombe, kama nilivyofanya, ni kumharibu tumbo. Vitunguu, chokoleti, zabibu, na chingamu zisizo na sukari zenye zailitoli zinaweza kumdhuru vibaya, nyingine hata kumuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha. Najua kila mtu anampa mbwa mifupa ya kuku. Acha.

"Mimi nataka wa security"

Sawa. Lakini mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa nyuma ya nyumba halindi kitu. Anabweka kwa kila kitu mpaka mnazoea, na siku mwizi akija mtamwambia anyamaze. Na siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kuumwa ni mtoto wa jirani.

Hapo ndio tunafika kwa kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mtu anakufa. Na karibu visa vyote vya watu duniani vinatokana na kuumwa na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na huu ugonjwa ifikapo 2030, na njia kuu ni ileile ya soja na kamba yake: chanja mbwa. Papi anachanjwa akifika miezi mitatu, halafu unarudia kila mwaka. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo uanzishiwe chanjo. Usingoje uone kama utaumwa kichwa. Ukingoja dalili, umechelewa.

Sheria pia iko. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kumnyima mnyama wako chakula au kumtupa ateseke ni kosa. Kwa hivyo ile hadithi ya "alikuwa mkubwa sana nikamwacha karibu na soko, watu watamlisha" si hadithi ya kuchekesha.

Haya, aina gani?

Mmenivumilia, wacha nijibu kidogo. Husky alizalishwa Siberia kuvuta sleji kwa theluji, kilomita nyingi kwa siku. Umweke kwa bedsita chini ya mabati, atakula kochi lako na nitakuwa upande wake. German Shepherd dume anafika kilo thelathini hadi arobaini, na ana akili ya kutaka kazi kila siku. Usipompa, atajitafutia. Japanese Spitz manyoya yake yatakuwa kwa nguo zako, kwa chai yako na kwa ndoto zako. Na yule mbwa koko ambaye mnamdharau, miili ya mababu zake ilishazoea hili jua na hizi kupe kabla hujazaliwa. KSPCA wako pale Lang'ata Road, upande wa Karen, na wana mbwa na paka wanaotafuta nyumba. Anzia hapo kabla ya boksi ya barabarani. Kila ngiri sita tunayompa yule jamaa wa boksi ndiyo inamwambia arudi kwa mama wa Chapo achukue wengine.

Mbwa mwenye afya anaweza kuishi miaka kumi hadi kumi na tatu, wengine zaidi. Kama una miaka ishirini leo, huyo papi atakuwa nawe ukimaliza chuo, ukipata kazi Mombasa au ukikosa kazi kabisa, ukihama nyumba mara tano, ukioa au ukiolewa na mtu anayeogopa mbwa. Kila lendilodi utakayekutana naye kwa hiyo miaka atakuwa na agrimenti. Isome. Ongea na wenye mnaishi nao kabla, si baada. Na usimnunulie mtu papi kama zawadi ya kushtukiza, hata kama ni bathdei, hata kama unampenda sana. Huwezi kumshtukiza mtu na miaka kumi na tatu.

Na kama umesoma mpaka hapa umegundua wakati wako bado, hiyo si aibu. Unaweza kupenda mbwa bila kummiliki. Kuna jirani anazeeka na mbwa wake anahitaji mtu wa kumtembeza. Kuna mtu anasafiri Krismasi na hajui amwache na nani. Jitolee. Utajua kwa wiki moja kama unapenda mbwa au unapenda picha.

Mimi ndio ninafanya hivyo. Soja akienda likizo kwao Kitui, Bosco anabaki nami. Mara ya mwisho ilikuwa siku tisa. Nilikataa kazi mbili za nje ya mji, niliamka saa kumi na moja kila asubuhi, na siku moja kwa mvua nilisimama nje dakika arobaini nikingoja mwanaume mzima wa miguu minne aamue atakojoa wapi. Sikurekodi hata video moja. Ilipofika siku ya kumi soja akarudi, Bosco alinipita kama hanijui, akaenda kumrukia mzee wake kifuani. Nilifurahi kuliko ile siku ya watu elfu arobaini.

Siku nitakapokuwa na keja yenye uwanja na mtu wa kuwa hapo, nitachukua wangu, na nitawaambia. Kwa sasa mimi ni mjomba wa Bosco, na hiyo inanitosha.

Ile kauli ya shosh nimeishaifuta. Mlango wa Roysambu nilipaka rangi kabla ya kuhama ili nirudishiwe dipoziti, na nilirudishiwa yote. Mistari haikuonekana tena. Mimi bado naiona.

Kwa hivyo ukiniandikia kuniuliza aina gani, nitakujibu, na sitakuringia. Lakini nitakuuliza kwanza: Jumanne saa tano asubuhi, ni nani?